Muhuri usiokuwepo: kisa cha wasafiri wawili wa Dodoma kwenye treni ya Delhi–Chennai

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia za Dodoma na mikoa ya jirani zinazompeleka mgonjwa India na kulazimika kusafiri kwa treni ndani ya nchi hiyo. Majina, tarehe, namba ya treni na jina la hospitali vimeondolewa. Wahusika wanatajwa kwa undugu wao tu: shangazi, kijana na baba mdogo.

Usuli

Shangazi ana miaka 63, anaishi Dodoma mjini. Ana kisukari cha muda mrefu, anameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi, na goti lake la kulia halipandi ngazi. Hospitali moja kusini mwa India ilimpangia siku ya kuonwa na daktari. Aliyemsindikiza ni mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 27. Shangazi alikuwa na viza ya matibabu, kijana viza ya msindikizaji. Ndege waliyoimudu iliishia Delhi. Kutoka hapo hadi Chennai ni zaidi ya kilomita 2,100, na ndege ya ndani kwa watu wawili na mizigo ingekula fungu la malazi. Wakachagua treni: daraja la 3A, yaani behewa la kiyoyozi lenye vitanda vya ngazi tatu, kwa rupia elfu mbili na ushei kila mmoja. Rupia moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 31.

Tiketi zilinunuliwa mtandaoni wiki tatu kabla na mwanafunzi Mtanzania aliyeko India. Kijana akazichapisha kwenye steshenari ya mjini, akazikunja ndani ya bahasha ya hospitali. Karatasi ilionyesha PNR, namba ya tarakimu 10 inayobeba safari nzima, na mbele ya majina yao iliandikwa RAC 11 na RAC 12.

Hapa ndipo kisa kizima kiliposhikwa, kwa hiyo tuziangalie herufi zenyewe. CNF ni kitanda kilichothibitishwa. WL ni orodha ya kusubiri, na mwenye tiketi ya mtandaoni iliyobaki WL haruhusiwi kupanda behewa la nafasi maalumu; fedha yake hurudishwa. RAC iko katikati: unaruhusiwa kupanda, una mahali pa kukaa, ila watu wawili mnagawana kitanda kimoja cha pembeni mpaka mwingine aghairi safari. Wengi wanaoanza na RAC ya namba ndogo huishia na kitanda kizima kabla treni haijaondoka. Mabadiliko hayo hutokea kwenye mfumo wa reli. Karatasi uliyochapisha Dodoma wiki tatu nyuma haijui lolote.

Jambo la pili la usuli ni mazoea ya nyumbani. Tangu SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, abiria wa hapa amezoea kwamba tiketi inakaguliwa kabla hujafika kwenye treni. Ukifika stesheni unaonyesha tiketi, na mtu anayekuomba uionyeshe yuko kazini. Kwenye stesheni kubwa za India, mlangoni kwa kawaida kuna mashine ya kupitisha mizigo na askari. Tiketi hukaguliwa ndani ya treni na mkaguzi anayeitwa TTE, mwenye koti jeusi na kibao cha jina. Siku za msongamano mkubwa ukaguzi waweza kuwekwa mlangoni pia, lakini anayekagua husimama kwenye kizuizi pamoja na askari, na kazi yake ni kukuruhusu au kukuzuia. Hana kazi ya kukupeleka popote.

Yaliyotokea

*Saa 9:40 alasiri, stesheni ya New Delhi, upande wa Paharganj.* Treni ilikuwa ya saa 3 usiku. Walifika mapema mno kwa sababu hawakuwa na pa kumpumzisha mgonjwa. Kijana hakuwa amenunua laini ya simu uwanja wa ndege. Foleni ilikuwa ndefu na shangazi amechoka. Hatua kama kumi kabla ya mashine ya mizigo, mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, kitambulisho kikining'inia shingoni, akawaomba tiketi kwa Kiingereza cha taratibu. Akaisoma, akaweka kidole juu ya RAC, akatikisa kichwa.

Akawaambia kwamba hiyo haijathibitishwa, inahitaji muhuri, na ofisi ya wageni iliyokuwa ghorofani imefungwa kwa matengenezo. Ofisi ya muda iko karibu, bajaji rupia 50 tu. Akambebea shangazi begi. Akamwita "Auntie".

Ofisi ya reli inayohudumia wageni ipo ghorofa ya kwanza ya jengo kuu, upande huohuo wa Paharganj. Kuwaambia wageni kwamba imefungwa, imeungua au imehama ni utapeli wa miaka mingi pale, na kila mwaka unapata watu wapya.

*Saa 10:20, "ofisi ya serikali" karibu na Connaught Place.* Chumba kidogo, ramani ya India ukutani, picha za Taj Mahal, kompyuta moja. Aliyekaa nyuma ya meza alitaka rupia 4,500 taslimu "kuthibitisha viti". Kijana akalipa. Kisha mtu yule akapiga simu mwenyewe, akaongea Kihindi, akampa kijana asikilize. Sauti upande wa pili ikasema treni ya leo imefutwa kwa sababu ya ukungu.

Ulikuwa msimu wa baridi, na ukungu wa kaskazini mwa India kweli huchelewesha na hata kufuta treni nyingi. Uongo ule ulikaa juu ya ukweli ambao kijana aliusoma kwenye simu yake kabla ya kusafiri.

Suluhisho lililotolewa: gari hadi Agra, hoteli usiku mmoja, kisha ndege. Rupia 38,000 kwa wote wawili, zaidi ya shilingi milioni 1.1. Uamuzi utolewe sasa hivi, ofisi inafungwa saa 12.

*Saa 11:20 kwa saa za Delhi, saa 8:50 mchana Dodoma.* Kijana aliomba intaneti ya ofisi ampigie baba mdogo, mstaafu wa reli aliyefanya kazi miaka mingi kwenye njia ya zamani ya kati, ili atume fedha ya kujazia. Mazungumzo, kama wote wawili walivyoyakumbuka, yalikuwa mafupi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mmeshapanda?"

"Bado. Treni imefutwa, tunatakiwa kulipia usafiri mwingine."

"Nani kasema imefutwa?"

"Ofisa wa reli, ndiye katuleta hapa ofisini."

"Kawaleta? Hebu niambie, mko ndani ya stesheni au nje?"

"Nje."

"Mtu wa reli haachi lindo lake akapanda bajaji na abiria. Rudini stesheni, muulize dirishani. Fedha situmi."

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza, alishaanza kusimama. Yeye jambo lake lilikuwa jingine: tiketi ameilipia, sasa huu muhuri wa nini? Walidai zile 4,500, wakapewa risiti ya "kifurushi cha utalii" badala ya fedha. Wakaondoka bila ugomvi.

*Saa 12:30 jioni, stesheni tena.* Kwenye foleni ya dirisha la maulizo walikuwa nyuma ya msichana mwenye begi la chuo. Kijana ndiye aliyemwomba msaada. Msichana hakuondoka kwenye foleni. Alifungua simu yake, akamwambia kijana aandike zile tarakimu 10 mwenyewe, akamgeuzia kioo asome: CNF, behewa B4, vitanda 19 na 22. Treni ipo. Wakafika dirishani, karani akarudia maneno yaleyale. Msichana akawaonyesha ubao wa treni zinazoondoka, akaenda zake.

*Usiku, ndani ya B4.* Treni iliondoka ikiwa imechelewa dakika 50. Katika behewa la 3A kila chumba kina vitanda 8. Namba 19 na 22 ni vya juu kabisa, na goti la shangazi lisingefika huko. Abiria wa kitanda 17, cha chini, alimwangalia akishika ngazi, akahamisha shuka zake bila kuombwa. Wakamjulisha TTE alipopita. Kijana hakumwamini mtu. Alifunga mabegi kwa mnyororo alionunua jukwaani, akaupitisha kwenye pete zilizo chini ya kitanda cha chini, kisha akakaa macho hadi alfajiri.

*Siku ya pili.* Baada ya Bhopal familia iliyokuwa mkabala ilifungua vyombo: chapati za viazi, achari, chai kwenye chupa. Mama wa familia akawakaribisha mara tatu. Kijana alikataa mara tatu kwa niaba ya wote wawili. Shangazi akameza dawa saa 1:30 asubuhi kwa biskuti mbili. Muda mfupi baadaye akapita mtu wa shati lenye rangi kama ya wahudumu wa chakula, akiandika oda za mchana na kupokea fedha papo hapo. Kijana akalipa rupia 300 kwa sahani mbili. Treni ikasimama Itarsi. Mtu yule hakuonekana tena.

Chakula hakikuja. Saa 7:40 mchana, treni ikiwa imeiacha Nagpur, shangazi alianza kutoka jasho katika behewa ambalo wengine walikuwa wamejifunika blanketi. Vidole vyake vilitetemeka akijaribu kufungua kizibo cha chupa ya maji. Alipoulizwa anajisikiaje akajibu jambo lisilohusiana.

Aliyeelewa ni mama wa mkabala. Aliomba kuona pakiti ya dawa, akaisoma, akachukua vipakiti vya sukari vilivyokuja na chai ya treni. Kijana akamshika mkono. Mama yule hakukasirika. Alimwonyesha kwamba vipakiti vimefungwa, akampa kijana avipasue mwenyewe: vinne, ndani ya maji ya shangazi. Alikunywa yote. Walisubiri dakika 15 kwa saa ya mkononi, jasho likakauka, akaanza kujibu vizuri. Ndipo akala wali wa limau kutoka kwenye chombo kilekile walichokuwa wakila watoto wa familia ile.

*Chennai, alfajiri ya siku ya tatu.* Nje ya stesheni dereva mmoja alidai nyumba yao ya wageni imejaa na anayo nyingine nzuri. Walimpita, wakaenda kibanda cha malipo ya kabla, wakalipa, wakapewa karatasi. Kijana aliishika karatasi hadi mlangoni mwa nyumba ya wageni ndipo akampa dereva, kwa kuwa dereva hulipwa kwa karatasi hiyo. Ukimpa mwanzoni huna cha kumshikilia akikushusha njiani.

Maamuzi na sababu zake

Kumfuata mtu wa kwanza kulikuwa na sababu ambazo mtu mwenye akili timamu angezikubali: kitambulisho, herufi RAC zilizosomeka kweli kama upungufu, mgonjwa aliyechoka na mazoea ya kukaguliwa mlangoni. Tunalisema hili wazi kwa sababu kijana alirudi Dodoma akijiita mjinga, na jina hilo halimsaidii yeyote. Aliingizwa mjini na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, yeye akiwa na saa chache tu nchini.

Kulipa 4,500 kulitokana na kutaka yaishe. Kupiga simu Dodoma kulitokana na uhaba wa fedha tu, hakukuwa na shaka bado. Uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa shangazi na baba mdogo.

Kutoripoti polisi jioni ile kulikuwa sahihi kwa mgonjwa: treni ilibakiza saa mbili na nusu. Kijana alipiga 139, namba ya msaada ya reli, kesho yake kwa simu ya abiria mwenzake, akataja pia yule wa oda za chakula.

Kukataa chakula asubuhi kulikuwa uamuzi wa woga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kijana alikuwa bado na jeraha la jana.

Matokeo

Hasara ya fedha: rupia 4,500 za muhuri, 300 za chakula, na nauli za bajaji. Yote pamoja kama shilingi 150,000, na hakuna kilichorudi. Rupia 38,000 ziliokolewa. Shangazi alifika hospitali siku aliyopangiwa. Daktari alipoelezwa kilichotokea baada ya Nagpur alitaka kujua kwanza kwa nini alimeza glibenclamide bila kula mlo kamili, na akambadilishia dawa.

Uchambuzi

Swali la baba mdogo, "ndani ya stesheni au nje", lilifanya kazi ambayo vitambulisho na tabasamu visingeweza. Ukiwapanga wageni wote waliowagusa wasafiri hawa, utaona tofauti haiko kwenye sura, mavazi wala Kiingereza. Tapeli wa kwanza alikuwa mpole kuliko karani wa dirishani, ambaye hata hakuinua macho. Tofauti iko kwenye mahali. Msichana wa foleni aliwasaidia palepale kwenye foleni, na jibu lake likapimwa dirishani dakika chache baadaye. Mwenye kitanda 17 alimwachia shangazi nafasi mbele ya abiria wote, na TTE akaambiwa. Mama wa sukari alitumia vipakiti vilivyofungwa na mikono ya kijana mwenyewe. Yule wa shati jeupe alihitaji kuwahamisha kwanza. Pale stesheni palikuwa na ubao wa treni, dirisha la maulizo na polisi wa reli. Asingedumu dakika tano. Na polisi wa reli mipaka yao ni eneo la reli, kwa hiyo ukishatolewa nje hata malalamiko yako yanahamia kituo kingine.

Mkazi wa Dodoma anaijua hii kwa sura nyingine. Mpiga debe wa stendi ya Nanenane anayekushika begi akikuvuta kwenye basi ambalo hukulitaja, unamjibu bila kufikiri. Delhi mkono uleule ulishika begi la shangazi, ila ulikuwa na shati lililopigwa pasi.

La pili ni simu. Kijana alipewa simu iliyopigwa na mtu mwingine na kuambiwa huyo ni reli. Namba ya kuthibitisha chochote unaipiga wewe, kwa kidole chako: 139, au uandike PNR mwenyewe. Hiyo inahitaji laini ya India, na laini hiyo ndiyo ingezuia nusu ya kwanza ya kisa hiki. Foleni ya uwanja wa ndege ingewagharimu dakika 40 au saa moja. Ambaye hawezi kabisa kuipata, aagize aliyemnunulia tiketi amtumie hali ya PNR asubuhi ya safari, aisome kwa intaneti ya hoteli au ya uwanja kabla ya kutoka.

Ugumu wenyewe wa kisa hiki uko kwenye chakula. Reli ya India yenyewe huwaonya abiria wasipokee vyakula na vinywaji kwa wasiowajua, maana kuna wanaolewesha watu kwa dawa na kuwaibia mizigo. Onyo hilo ni la kweli. Ni kweli vilevile kwamba familia za India hula pamoja na jirani wa kitanda kama sisi tunavyomkaribisha anayetukuta mezani, na kukataa mara tatu kunaumiza. Kijana alilitumia onyo kwa ukamilifu mahali lisipohusu, na aliyelipia ni mgonjwa.

Vipimo vilivyo salama na vyenye adabu vipo. Chakula kinachotoka kwenye chombo kimoja ambacho mtoaji na watoto wake wanakula mbele yako, mchana, ni tofauti sana na kikombe kimoja cha chai kinacholetwa kwako peke yako usiku watu wanapotandika. Familia yenye mizigo, vitanda vyake na vituo vyake ni tofauti na mtu aliyepanda kituo kilichopita bila begi na anayekaa pembeni ya kitanda cha mwingine. Mkiwa wawili, ale mmoja, mwingine asubiri saa moja. Msimeze kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayekataa, aweke mkono kifuani, ataje kisukari, na atoe cha kwake. Shangazi alikuwa na karanga za kukaanga kutoka nyumbani, zikabaki begini hadi baada ya sukari. Zingetoka asubuhi, chapati zile zingepokelewa, na vidonge vingekuta tumbo lina kitu.

Kwa mgonjwa wa sukari, hata bila mgeni yeyote, mpango wa chakula ulikosekana. Safari ya zaidi ya saa 32 isiyo na akiba ya mkononi ni hatari ya kupangwa. Ndizi, biskuti za kutosha milo miwili, sukari kwenye mfuko wa shati. Dawa ya aina hiyo haimezwi mpaka chakula kiwe mkononi. Na fedha ya sahani hutolewa sahani ikishafika, pamoja na risiti. Muuzaji halali wa reli hulazimika kuitoa, na bei ya maji ya chupa imechapwa kwenye lebo.

Yaliyokwenda vizuri yalikuwa machache ila mazito. Fedha iligawanywa sehemu tatu, ndiyo maana rupia 38,000 hazikuwa mezani kuchukuliwa. Pasipoti hazikutoka kiunoni hata ofisini walipoombwa "kwa nakala". Na nyumbani kulikuwa na mtu mmoja aliyeteuliwa kupokea simu, mwenye mamlaka ya kukataa kutuma fedha.

Wiki tano baadaye walirudi Delhi kwa treni ya njia hiyohiyo. Kijana aliangalia PNR asubuhi kwa laini yake ya India, wakafika stesheni saa mbili kabla, na kuli wa shati jekundu mwenye kibao cha shaba mkononi aliambiwa bei kabla hajagusa begi. Sahani ya mchana ilipofika, shangazi aliifunua kwanza, akatazama wali na dengu, ndipo akamwambia kijana alipe.